Pikipiki Moja Kutoka Tatu: Somo kwa Mafundi na Vikundi vya Pwani ya Kilwa na Lindi



Wazee wa pwani husema, usione vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakitazama majahazi yaliyotia nanga, lakini maneno hayo yanafaa pia kwa pikipiki inayopita Nangurukuru na abiria nyuma na mfuko wa unga juu ya tangi. Huenda fremu yake ni ya pikipiki moja, injini ya nyingine, na rimu zimetoka kwenye ya tatu iliyokufa zamani. Somo la toleo hili linahusu kazi hiyo: kuunda pikipiki moja inayotembea kutokana na vipuri vya pikipiki kuukuu.

Kazi hii inaweza kumpa kijana kipato, na kukipa kijiji chombo cha usafiri kwa gharama ndogo kuliko pikipiki mpya. Inaweza pia kuua. Mama mjamzito anayebebwa usiku kutoka kijijini kwenda Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, hawezi kujua kwamba shingo ya fremu aliyoikalia ilikatika ikachomelewa mara mbili. Fundi anajua. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili inahusu vipuri vya kukataa, maana kuviunganisha vinavyokubalika mafundi wetu wengi tayari wanaweza.

Tunashauri lisomwe kwa vipindi viwili, kwa sauti, gerejini penyewe, huku pikipiki iliyofunguliwa ikiwa mbele ya wanakikundi. Vanier kalipa moja, uzi mrefu, chaki na chupa ya mafuta ya taa vinatosha kwa mazoezi yote.

Vyuma vilivyolala uani

Nyuma ya zahanati nyingi, ofisi za kilimo na vituo vya misheni kuna banda au mwembe, na chini yake kuna pikipiki zilizosimama miaka mingi. Wazee wanazikumbuka zikiwa mpya: Yamaha AG100 ya bwana shamba, yenye keria mbele na nyuma na cheni iliyofunikwa ndani ya boksi, Yamaha DT na Honda XL za wahudumu wa afya na wamisionari. Zililetwa na miradi. Mradi ulipokwisha, vipuri vilikwisha, na pikipiki ikaegeshwa.

Juu ya tabaka hilo la kwanza limekuja tabaka la pili. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kivuko cha Rufiji pale Ndundu hakikuwa tena kizuizi cha safari ya kusini, na lami ikaendelea kusogea kipande kwa kipande. Miaka hiyo hiyo pikipiki za bei nafuu kutoka China zilianza kuingia kwa wingi, na mwaka 2010 zikatoka kanuni za serikali za leseni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki na bajaji. Kijana aliyevuna ufuta au korosho alinunua pikipiki. Barabara ya mchanga, mizigo na hewa ya chumvi vikafanya kazi yake. Leo karibu kila gereji kutoka Somanga hadi Mchinga ina rundo la fremu, tangi na injini pembeni, na mnunuzi wa vyuma chakavu huja kulipima kwa kilo.

Tuseme wazi hapa kwamba si kila pikipiki iliyolala imekufa kwa uzee. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mwingereza Barry Coleman na mwendesha pikipiki wa mashindano Randy Mamola wa Marekani walitembelea Somalia, wakakuta pikipiki na magari ya huduma yametelekezwa kwa kukosa matengenezo madogo tu. Jambo hilo ndilo lililozaa shirika la Riders for Health, ambalo kwa miaka mingi lilifundisha wahudumu wa afya katika nchi kadhaa za Afrika kukagua pikipiki zao kila siku: mafuta, oili, marekebisho ya cheni na waya, nati na bolti, kisha breki. Kwa hiyo kabla kikundi hakijafungua pikipiki tatu ili kupata moja, kijiulize kwanza kama mojawapo haiwezi kufufuka kwa waya wa klachi, plagi na kusafishwa kabureta. Ni aibu kwa fundi kuchinja mnyama aliyekuwa na kiu tu.

Kwa nini kipuri cha zamani bado kinaingia

Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake walikuwa wamechunguza jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zinazoendelea: mizigo mizito, oili inayokaa bila kubadilishwa, vumbi, na mafundi wenye spana chache. Wakatengeneza injini ambayo kamshafti yake iko chini, na vali husukumwa kwa fimbo. Hakuna cheni ya ndani ya kulegea na kupiga kelele. Silinda ina kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni husafiri milimita 49.5, hivyo ujazo wake ni karibu sentimita za ujazo 124.

Injini hiyo iliigwa na viwanda vingi vya China, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia pwani yetu ni wajukuu zake. Ndiyo sababu fundi wa Kilwa Masoko anaweza kuchukua kifuniko cha klachi au gia ya kiki kutoka injini ya zamani na kukuta kinaingia kwenye injini iliyotengenezwa miaka thelathini baadaye. Hata zile ziitwazo 150 mara nyingi zimebaki na safari ile ile ya pistoni, milimita 49.5, ila silinda imepanuliwa hadi milimita 62. Piga hesabu mwenyewe na utapata karibu 149.

Lakini ukoo mmoja haumaanishi kipimo kimoja. Pistoni ya 62 haiingii kwenye silinda ya 56.5, na hata pale pistoni inapoingia, pini yake inaweza kutofautiana. Vilevile Boxer ya Bajaj na TVS ni ukoo mwingine kabisa: kamshafti zake ziko juu, kwenye silinda hedi. Maandishi "125" ubavuni mwa injini yanataja ujazo tu. Hayakwambii kipuri kipi kinaingia. Fundi mzuri hupima kipuri cha zamani na kipya kwa vanier kabla hajafungua pochi ya mteja.

Waliotangulia

Kuunganisha pikipiki kutokana na vipande vya kampuni mbalimbali si ubunifu wa umaskini. Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960 vijana walijulikana kwa pikipiki waliyoiita Triton, jina lililounganishwa kutoka Triumph na Norton. Norton ilikuwa na fremu iliyobuniwa na ndugu wawili wa McCandless kutoka Belfast, fremu iliyosifiwa kwa kutulia kwenye kona. Triumph ilikuwa na injini ya silinda mbili yenye nguvu na isiyo ngumu kutengeneza. Vijana walichukua fremu ya huku na injini ya kule, wakakata mabamba ya chuma ya kushikia injini, wakapata pikipiki iliyowashinda wazazi wake wote wawili. Jambo la kuzingatia ni kwamba walijua kwa nini wanachukua kila kipande. Hawakutumia fremu ya Norton kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa karibu.

Mkoa wetu wa Lindi una kumbukumbu ya upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Kwa kuwa matrekta mapya hayakupatikana baada ya vita, zilinunuliwa mashine zilizotumika, nyingine kutoka mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Kampuni ya Vickers ilifikia hata kugeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mashine nyingi ziliharibika upesi, na vipuri na mafundi havikutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na reli iliyojengwa kutoka pwani kwenda Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Si haki kulaumu mashine peke yake, maana udongo, mvua na haraka ya wakubwa vilichangia sana. Hata hivyo mtu mwenye gereji ndogo anaweza kujifunza jambo kutoka kwa vifaru vile. Chombo kilichoundwa kwa kazi moja kiligeuzwa kwa kazi nyingine, kikapelekwa mbali na vipuri vyake. Ukiunda pikipiki ya kijiji kwa injini ambayo hakuna mwingine anayo kati ya Rufiji na Lukuledi, umeunda Shervick yako, hata kama ina nguvu kiasi gani. Kati ya injini nzuri adimu na injini ya kawaida ambayo kila gereji ina gasketi zake, chukua ya kawaida.

Jadilianeni: Hesabuni pikipiki zilizolala katika eneo lenu. Ngapi ni za ukoo mmoja? Nani mwenye mali halali, na kwa nini ziliegeshwa?

Fremu ni mkuku

Fundi wa jahazi hulaza mkuku kwanza. Mbao zinaweza kubadilishwa moja moja miaka ishirini ijayo, lakini mkuku uliopinda utaharibu kila ubao utakaopigiliwa juu yake. Kwa pikipiki, mkuku ni fremu. Hapa tunaomba wasomaji wasiharakishe.

Anza na shingo, yaani bomba fupi la mbele linaloshika uma na usukani. Hapo ndipo kila shimo la barabarani linapopiga. Futa rangi na kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Paka mafuta ya taa pande zote za maungio, acha robo saa, kisha kausha kabisa kwa kitambaa kikavu. Saga chaki, paka unga wake juu ya chuma na usubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatarudi nje na kuchora mstari wa unyevu mwembamba kama unywele juu ya chaki nyeupe. Jicho tupu lingepita bila kuuona. Fanya vivyo hivyo pale mkono wa tairi la nyuma unaposhikwa na fremu, na pale shokapu za nyuma zinapofungwa.

Fremu yenye ufa shingoni ikataliwe. Tunajua neno hili ni gumu gerejini, kwa sababu kuchomelea ni rahisi na mteja anasubiri. Lakini chuma kilichochomelewa kijijini kwa fimbo yoyote iliyopo hubadilika ugumu pembeni mwa welding, na ufa mpya huanzia hapo hapo, safari hii bila onyo. Kishikio cha indiketa, keria au kikanyagio vinaweza kuchomelewa. Shingo hapana.

Sasa pima unyoofu. Simamisha pikipiki wima ikiwa na matairi yote mawili. Funga uzi nyuma ya tairi la nyuma, uvute mbele pande zote mbili kwa kimo cha ekseli hadi kupita tairi la mbele, uguse kingo mbili za tairi la nyuma. Nyoosha usukani. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe sawa kulia na kushoto. Ikitofautiana, usikimbilie kusema fremu imepinda. Rekebisha kwanza tairi la nyuma kwenye viadjasta vya cheni, na hakikisha rimu haichezi. Ikiwa bado inatofautiana, toa mabomba ya uma wa mbele uyaviringishe juu ya kioo cha dirisha kilichowekwa mezani. Bomba lililopinda litainuka na kushuka mwanga ukipita chini yake. Pikipiki iliyogonga mwembe huwa na uma uliopinda kabla ya fremu, na uma hubadilishwa.

Kuikalisha injini

Ukikuta injini ya ukoo ule ule na fremu, bolti zitakubali zenyewe na kazi imekwisha nusu. Injini ya ukoo mwingine inahitaji mabamba. Kata kwanza kielelezo kwa karatasi ngumu ya boksi, kijaribu, toboa matundu kwenye boksi, ndipo uhamishie kwenye bamba la chuma la milimita 6 au zaidi. Usitoboe wala kukata mabomba ya fremu ili injini iingie. Injini isiyoingia bila kukata bomba si ya fremu hiyo.

Kipimo kinachosahauliwa zaidi ni mstari wa cheni. Weka ubao ulionyooka ubavuni mwa sproketi ya nyuma uelekee mbele. Sproketi ndogo ya injini lazima ikae katika mstari huo huo. Cheni inayokwenda upande hula meno, hutoka, na ikijifunga kwenye kitovu cha tairi la nyuma, tairi hukwama ghafla. Angalia pia namba ya cheni. Pikipiki nyingi ndogo hutumia 428, ambayo umbali kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Cheni ya 520 ina milimita 15.875, na hailali kwenye meno ya 428 hata ukiisukuma.

Kwenye sproketi ndipo fundi anapoweza kuipa pikipiki kuukuu tabia inayofaa mahali petu. Tuseme ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 38. Gawanya 38 kwa 15, utapata 2.53. Ukiweka ya nyuma yenye meno 45, utapata 3. Nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa karibu asilimia 18, na mwendo unapungua kwa kiasi hicho hicho cha uwiano: pale ilipokuwa ikienda kilomita 80 kwa saa, kwa mzunguko ule ule wa injini itakwenda karibu 68. Kwa mtu anayepanda mchanga na gunia mbili za ufuta hiyo ni faida tupu, na kwa mama wa dereva wa bodaboda pengine ni faida kubwa zaidi.

Kuhusu umeme tutasema machache. Pikipiki nyingi za zamani ni za volti 6 na hutumia platini. Za sasa ni volti 12 na sidiai. Chagua mfumo mmoja mzima, kuanzia sumaku na koili mpaka balbu, kutoka pikipiki moja. Mchanganyiko huunguza balbu na kumwacha dereva gizani. Injini ya stroki mbili kama ya AG100 nayo isipewe oili ya stroki nne kwenye tangi lake la oili. Kama pampu yake ya oili haifanyi kazi, ikarabatiwe au injini iachwe.

Vitu visivyotafutwa kwenye rundo

Kuna vipuri ambavyo havistahili kuchukuliwa vikuukuu hata vikiwa bure: matairi na tyubu, waya za breki na klachi, breki shuu, na beringi za magurudumu na za shingo. Cheni na sproketi zake mbili hununuliwa pamoja, kwa sababu cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka huisha upesi. Orodhesha bei za vitu hivi vyote kabla ya kuanza. Kwa maoni yetu, jumla hiyo ikizidi nusu ya bei ya pikipiki iliyotumika lakini inayotembea, kikundi kiuze vipuri na kununua ile inayotembea.

Ngoma ya breki inaweza kutumika tena, ila ipimwe. Ndani ya ngoma nyingi kiwanda kimeandika kipenyo cha mwisho. Ngoma ya milimita 110, kwa mfano, huwa imeandikwa MAX 111. Ikifika hapo, breki shuu mpya hazitaishika vizuri. Ekseli nazo zina unene tofauti, na tundu la kitovu likiwa kubwa kuliko ekseli, pengo lijazwe kwa busha iliyochongwa kwenye lathe, si kwa bati la kopo lililokunjwa. Tumeona bati hilo mara nyingi mno. SIDO na VETA zina vituo Lindi, na anayechonga kwa lathe hupatikana. Safari hiyo igharimiwe.

Chumvi

Adui wa pikipiki ya bara ni vumbi. Wa kwetu ni chumvi, na hupitia mlango wa biashara yenyewe. Mchuuzi anayebeba samaki kutoka Somanga au Kivinje hupakia masanduku juu ya keria, na maji ya barafu na samaki hudondoka njia nzima juu ya rimu, spoksi na cheni. Spoksi hukatika kwenye nati zake, sehemu isiyoonekana. Kabla ya kutumia rimu kuukuu, gonga kila spoksi kwa spana ndogo usikilize: nzima hulia, iliyokufa hutoa sauti bubu. Mchuuzi aweke trei ya plastiki chini ya masanduku yenye bomba la kumwaga maji pembeni, na apitishe maji baridi yasiyo ya chumvi jioni. Ndoo moja inatosha.

Mei 2024, baada ya mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, na mizigo ikakwama. Mafuriko kama yale huiachia gereji kazi mbili. Injini iliyozama isipigwe kiki. Toa plagi, mwaga oili, ijaze oili safi uizungushe kwa mkono, kisha mwaga tena. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Pili, kikundi kiweke akiba ndogo ya waya, breki shuu na tyubu, maana siku barabara ya Kariakoo inapofungwa ndiyo siku pikipiki zinahitajika zaidi.

Oili chafu, kwa njia, isimwagwe chini. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ya ufukweni ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na visima viko karibu. Ikusanywe kwenye dumu, itumike kupaka mbao za mazizi dhidi ya mchwa mbali na maji, au iuzwe.

Karatasi ni kipuri

Tumeweka jambo hili mwisho kwa sababu wengi huliweka mwisho, lakini katika kazi yenyewe ni la kwanza. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, na namba ya injini kwenye injini. Kadi ya usajili inayotolewa na TRA ina namba zote mbili. Pikipiki ya vipande vitatu ina fremu moja, hivyo ina kadi moja: ile ya fremu. Ukibadilisha injini, badiliko hilo lipelekwe TRA likaandikwe, na uwe na hati ya mauzo ya injini inayoonyesha ilikotoka.

Tuseme kikundi kimepata fremu nzuri kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Shingo imepita mtihani wa chaki, uzi uko sawa, bei ni ndogo. Lakini namba imesagwa kwa tupa, au muuzaji hana kadi. Fremu hiyo iachwe. Inaweza kuwa ya wizi, na aliyeibiwa pengine ni kijana wa kijiji cha pili aliyeinunua kwa korosho za msimu mzima. Hata kama si ya wizi, chombo kisichosajiliwa hakiwezi kukatiwa bima. Abiria akivunjika mguu, hakuna wa kumlipa isipokuwa kikundi, na kikundi hakina kitu.

Pikipiki za miradi zina mtego wake. Mzee wa kamati anaweza kusema, "Chukueni vijana wangu, imekaa tu." Mzee ana nia njema, lakini mwenye mali ni taasisi. Ombeni barua ya ofisi, risiti, na uhamisho wa umiliki kwenye kadi. Kama kadi ilipotea, taasisi iliyosajiliwa kama mwenye chombo ndiyo ifuatilie nyingine, si ninyi.

Pamoja na kadi, fungueni daftari la pikipiki. Ukurasa mmoja kwa kila kipuri kikubwa: kimetoka wapi, kwa nani, tarehe gani, kilipimwaje na nani alikipitisha. Jina la fundi liandikwe. Baada ya miaka miwili daftari hilo litakuwa na thamani kuliko rangi mpya ya tangi, hasa siku ya kuuza.

Jadilianeni: Mteja analeta fremu yenye ufa na kusema fundi wa jirani atamchomelea msipofanya ninyi. Mtamjibu nini, na mtapoteza nini? Je, gereji za eneo lenu zinaweza kukubaliana kukataa kwa pamoja? Na dereva anayepakia mishikaki, abiria watatu kwenye siti ya mmoja, fundi ana neno la kumwambia au kazi yake imeishia kwenye nati?

Kazi ya kikundi: mafungu matatu

Chukueni rundo lililopo gerejini, mligawe siku moja, watu wote wakiwepo. Fungu la kwanza ni vipuri vilivyopimwa na kuandikwa daftarini. Hivi vinaweza kurudi barabarani. Fungu la pili ni vile visivyofaa kubeba mtu kwa kasi lakini bado vina maisha: vitovu na rimu za mkokoteni wa maji, injini iliyochoka ambayo bado inaweza kuzungusha pampu ya bustani kwa mwendo mdogo, siti ya kukalia gerejini. Fungu la tatu ni chuma chakavu.

Fremu zilizokataliwa zisiingie fungu la tatu zikiwa nzima. Namba yake inakiliwe daftarini, na mwenye kadi apeleke taarifa TRA ili usajili ufutwe. Kisha shingo ikatwe kwa msumeno siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika, ili mnunuzi wa vyuma akija Jumamosi abebe vipande viwili.